Sikio la Mtu Mmoja: Ugogo, Kutoka Ndono Hadi Eafoni

Wazee wa kila mahali siku hizi wana lawama moja: kijana akishachomeka eafoni masikioni, basi, hayupo tena. Unampa "mbukwa" yake kwa heshima zote, anakukodolea macho kama vile umemsemesha Kijapani. Nyuma ya lawama hiyo kuna historia ambayo watu wengi wanaiamini bila kuihoji: kwamba zamani tulisikiliza pamoja, ikaja mashine, tukaanza kusikiliza kila mtu na lwake. Ni hadithi tamu, na nusu yake ni kweli. Nataka kuikagua nikisimama sehemu moja tu, Mlali. Nasema Mlali ya Kongwa, mkoani Dodoma, si ile ya Mvomero kule Morogoro, maana majina haya yamewapoteza wengi.

Mlali ipo upande ambao Wagogo na Wakaguru wameishi jirani kwa vizazi vingi. Tuanze na ndono. Hiyo ni ala ya Kigogo yenye umbo la upinde: kijiti kilichopindwa, uzi mmoja na kibuyu. Mpigaji anaugonga uzi kwa fimbo nyembamba huku kibuyu akikiegemeza mwilini, anakifungua na kukifunga, na ndani ya mlio mmoja anachomoa sauti nyingine ndogondogo zilizojificha humo. Gerhard Kubik, mtaalamu wa muziki kutoka Austria, alieleza kwamba mpangilio wa sauti katika nyimbo za Wagogo unatokana na sauti hizo za asili zinazopanda juu ya mlio wa uzi mmoja. Maana yake ni kwamba ule uimbaji mkubwa wa sauti nyingi, unaowafanya wageni washangae, una mizizi katika kitu kidogo ambacho mtu anaweza kukisikiliza akiwa peke yake.

Na hapo ndipo historia ya "zamani tulisikiliza pamoja" inapoanza kupwaya. Ndono haina sauti kubwa. Aliye hatua ishirini anasikia kidogo, anayeipiga anasikia zaidi ya wote, maana kibuyu kinamtetemesha yeye mwenyewe. Hata ilimba, ile marimba ya vidole, inafaa kiwanjani na inafaa vilevile kwa mtu anayejipigia mwenyewe. Muheme, ngoma ya wanawake, ni ya watu wengi, haina ubishi. Nindo nayo inataka kundi. Lakini pembeni ya hayo yote palikuwa na nafasi ya mtu mmoja na sauti yake. Kwa hiyo upweke wa sikio haukuletwa Ugogo na kontena kutoka China.

Sasa twende kwenye mashine. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Mwaka huohuo, kule Utah, Marekani, Nathaniel Baldwin alikuwa akitengeneza kwa mkono jikoni kwake vipokea sauti vya kuvaa kichwani, na jeshi la majini la Marekani likawa mteja wake. Matukio haya mawili hayakujuana, lakini nayaweka pamoja kwa sababu yanaonyesha kitu: chombo cha kuvaa masikioni kilianza kikiwa cha kazi. Kilimhusu mtu wa simu ya upepo aliyetakiwa kunasa ujumbe hafifu katikati ya makelele. Starehe ilikuja baadaye sana.

Starehe ya Tanganyika ilipitia kwenye spika. Matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, kikawa chombo cha Tanganyika Broadcasting Corporation mwaka 1956, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wengi wetu tunaiita RTD kama vile ni shangazi yetu. Bara la kati likaingia humo kwa njia yake. Kongwa ilikuwa tayari imepitia mkasa wa karanga, ule mradi wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya paundi. Baada ya uhuru, Kongwa hiyohiyo ikawa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. RTD nayo ilivipa vyama vyao muda wa kutangaza. Redio hapa haikuwa chombo cha kupoteza muda. Kwa mtu aliye mbali na kwao, ilikuwa habari kwamba kwao bado kupo.

Kisha zikaja nyakati ambazo lawama ya wazee inazikumbuka kwa haki kabisa. Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwakusanya watu wa mkoa huu vijijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, redio katikati, kiongozi ana kijitabu mkononi. Kipindi kikiisha wanajadili, kisha wanaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Walioshiriki nchi nzima walikaribia milioni mbili. Fikiria hilo: kusikiliza kulikuwa ni kazi ya kijiji, yenye mwenyekiti na mahudhurio.

Hata nje ya kampeni, redio moja ilihudumia nyumba nyingi. Betri zikichoka zilianikwa juani, zikapata uhai wa robo saa, zikazimika katikati ya Mazungumzo Baada ya Habari. Mwenye redio ndiye aliyeamua mnasikiliza nini. Ugua Pole ikipigwa, watu walinyamaza, kwa sababu jina la mgonjwa wa mtu lingeweza kutajwa. Mtoto alisubiri Mama na Mwana, na baba akitaka habari, mtoto alisubiri zaidi. Hili nalo tulikumbuke kabla ya kulia sana: kusikiliza pamoja kulikuwa na mwenye kitufe. Wanawake na watoto wengi walisikia walichofunguliwa.

Ndiyo maana nasema Walkman ya Sony, iliyotoka Japani tarehe 1 Julai 1979, ilikuwa na siasa ndani yake. Kwa mara ya kwanza mtu asiye na mamlaka nyumbani angeweza kuwa na kitufe chake. Huku kwetu ilikuja kwa kuchelewa na kwa wachache, pamoja na redio kaseti za biashara huria ya miaka ya 1980. Kilichofika kila kijiji ni simu ya mkononi na eafoni za bei ya soda chache. Leo kijana wa Mlali anayechaji simu kwa sola ana kitu ambacho baba yake hakukipata hadi alipooa: sauti ambayo hakuna anayemzimia.

Lakini kuna ngazi nyingine juu ya hiyo, na ndiyo iliyonifanya niandike. Ni zile eafoni za bei mbaya, zinazoingia ndani ya tundu la sikio na kuliziba kabisa. Nazo zina asili ya kazi. Mojawapo ya teknolojia zake, kile kijiti kidogo cha chuma kinachotikiswa kati ya sumaku, kilitoka kwenye vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri. Kampuni ya Etymotic Research ya Marekani, iliyoanzishwa na Mead Killion mwaka 1983, ilitoa ER-4 mwaka 1991. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi wa sauti wa jukwaani, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen eafoni za kumwezesha kusikia wenzake katikati ya mngurumo wa bendi, na hapo ikazaliwa Ultimate Ears. Tangu hapo bei imepanda mlima. IE 900 ya Sennheiser ilipotoka mwaka 2021 iliuzwa dola 1,299, karibu shilingi milioni tatu za wakati ule. Zipime mwenyewe kwa magunia ya mahindi ya soko la Kibaigwa.

Zangu si za bei hiyo, na nilizipata mtumba kutoka kwa ndugu aliyeko nje baada ya yeye kununua nyingine. Hata hivyo ni za ukoo huo, na zimenifundisha kwamba kuwa nazo ni jambo moja, kuzizoea ni jambo lingine. Kwanza ni suala la vile vipira vya mbele. Kisipokaa sawasawa, hewa inapita, besi yote inatoweka, na unabaki na sauti ya bati. Kikikaa sawasawa, unaanza kujisikia mwenyewe: hatua zako zinadunda kichwani, ukitafuna karanga ni kama mashine ya kusaga, waya ukigusa kola ya shati unasikia mkwaruzo. Sikio lililozibwa linarudisha ndani sauti za mwili ambazo kwa kawaida hutokea nje. Kwa siku za mwanzo unajihisi umeingia mtungini.

Pili, muziki wenyewe unaonekana umepungua. Masikio yetu yamelelewa na sabufa na eafoni zinazotia besi hadi kwenye taarifa ya habari. Ukija kwenye kitu kinachosema ukweli, unadhani kimeharibika. Inachukua wiki mbili tatu. Kisha siku moja unagundua kwamba gitaa la pili lilikuwepo miaka yote, na mwimbaji huvuta pumzi kabla ya kibwagizo. Ukizirudia za zamani baada ya hapo, ni kama mtu amekufunika blanketi.

Ndipo nikamsikiliza Hukwe Zawose. Huyu ni Mgogo wa Dodoma aliyeipeleka ilimba duniani, akafundisha na kuishi Bagamoyo, na kufariki huko Desemba 2003. Albamu yake ya Chibite ilitolewa mwaka 1996 na Real World, lebo ya Peter Gabriel ya Uingereza. Kwa spika ya simu, ilimba yake ni kengele nzuri tu. Kwa eafoni inayoziba vizuri, unasikia kitu kingine kabisa: mvumo. Ilimba ya Kigogo hutengenezwa kwa makusudi ili ivume. Vichuma vina vipete vinavyochachatika, na tundu la sanduku huwekewa utando wa buibui unaotetemeka. Katika zile ilimba kubwa, baadhi ya vichuma havigongwi kabisa. Vipo ili viitikie wenzao. Kwa hiyo kila mlio una mwitikio nyuma yake, na mwitikio huo ndio unaokufa kwanza katika faili iliyobanwa na spika ya bei ya chini. Kinachobaki ni noti, na ule ukungu wa sauti ambao fundi aliutafuta kwa utando wa buibui unachujwa kama takataka.

Hapa ndipo kwenye suala lenyewe, kwa maoni yangu. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi, Ugogo ikiwemo, na kazi yake imehifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954 huko Afrika Kusini. Mhispania Polo Vallejo amewasoma Wagogo kwa miongo. Rekodi bora za sauti za nyumbani kwetu zipo, zimetunzwa, na zinasikilizwa na watu wenye vyombo vya kuzisikia. Mjukuu wa walioimba anazipata mtandaoni zikiwa zimekonda, anazisikia kwa eafoni ya kuungaunga, kisha anaambiwa muziki wa jadi hauna mvuto. Atauonaje mvuto ambao chombo chake kimeuchuja? Nashukuru lipo tamasha la muziki wa Wagogo pale Chamwino, lililoasisiwa na Kedmon Mapana, ambapo mvumo unasikika bila waya. Lakini ni la mara moja kwa mwaka.

Sisemi kila kijana akauze mbuzi anunue eafoni. Hata tofauti kubwa haiko kati ya shilingi laki moja na milioni tatu. Iko kati ya elfu tano na hiyo laki moja, na mara nyingine ni kipira cha kukaa sawasawa tu. Na Mlali ina utajiri ambao mnunuzi wa Tokyo au London hana. Yeye analipa pesa nyingi ili azuie treni. Usiku wa Mlali, mashine ya kusaga ikizimwa na baa ikifunga sabufa yake, ukimya ni wa bure. Sauti ndogo inatosha. Hili ni jambo la afya pia: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na dereva wa bodaboda anayepandisha sauti ili ashinde upepo anavuka hapo haraka. Ukiziba sikio vizuri unaweza kushusha sauti. Ila barabarani usizibe, maana honi ya lori la Dodoma haina subira.

Turudi kwa mzee na salamu yake isiyoitikiwa. Ana haki ya kukasirika, kwa sababu mpiga ndono, hata akiwa amezama, alikuwa na masikio wazi. Angemsikia mpita njia na kuitikia. Hicho ndicho kipya, ule mlango uliofungwa. Upweke wenyewe ni wa zamani. Lakini mlango unafungwa na unafunguliwa. Eafoni ni mbili, na waya wake unafika hadi sikio la jirani. Kijana akimpa babu kipande kimoja, amuwekee nindo iliyorekodiwa na mgeni kabla babu hajaota ndevu, inawezekana babu akamtajia mwimbaji kwa jina. Jina hilo huenda halimo katika maktaba yoyote, na babu hatakaa milele akisubiri kuulizwa.