Moyo wa mtoto mchanga: Uvimbe unaoweza kusubiri na kasoro zisizosubiri

Si kila tatizo la moyo analozaliwa nalo mtoto huhitaji upasuaji wa haraka. Uvimbe wa aina fulani husinyaa wenyewe, ilhali baadhi ya kasoro zaweza kuua katika siku chache zisipotambuliwa.

Moyo huanza kupiga takriban wiki 3 baada ya mimba kutungwa, na kufikia wiki ya 8 vyumba vyake 4 huwa vimekwisha kutengana. Hitilafu ya kipindi hicho huacha kasoro. Takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, na miongoni mwa zinazoonekana zaidi ni tundu katika ukuta wa vyumba vya chini.

Uvimbe wa moyo

Uvimbe ni nadra zaidi. Unaoongoza kwa watoto wachanga ni rabdomioma, unaotokana na seli za misuli ya moyo, nao si saratani. Kwa kuwa aghalabu hupungua katika miaka ya mwanzo, madaktari huufuatilia tu, na hufikiria upasuaji pale unapoziba njia ya damu au kuvuruga mapigo. Hata hivyo, watoto wengi wenye uvimbe huo wana tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa jeni unaoweza kuleta kifafa. Ndiyo maana ubongo, figo na ngozi huchunguzwa pia.

Kasoro za hatari

Mtoto akiwa tumboni, mfereji mdogo huunganisha mishipa yake mikuu miwili ya damu. Mfereji huo hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Ikiwa mshipa mmojawapo umeziba, mtoto huzidiwa ghafla, pengine akiwa amekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani. Dawa ya prostaglandini huuweka mfereji wazi hadi apate matibabu.

Oksimita, kifaa kinachopima oksijeni kwa mwanga, ikiwekwa kwenye mkono wa kulia na mguu, hubaini nyingi ya kasoro hizo, ingawa si zote. Nyumbani, dalili ni kupumua haraka, kutokwa jasho anaponyonya na kutoongezeka uzito. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, rangi ya samawati hutazamwa kwenye ulimi na ufizi.

Katika Afrika Mashariki, upasuaji wa moyo wa watoto hufanyika, miongoni mwa kwingine, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na Taasisi ya Moyo ya Uganda, Kampala. Kwa wanaozaliwa mbali na miji hiyo, rufaa hutegemea mkunga au mzazi anayeiona dalili mapema.