Leso Sita na Sindano Moja

Kila likifika kumi la mwisho la Ramadhan, Barabara ya Biashara hapa Mombasa haipitiki. Kina mama wanafunua leso, wanasoma jina, wanairudisha, wanafunua nyingine. Muuzaji amechoka na saumu yake lakini hasemi neno. Sisi vijana tunapita tukicheka, ati leso ni leso tu. Lakini pale dukani kuna historia ambayo vitabu vyetu vya shule viliipita mbio. Tulisomeshwa majahazi, masultani na Wareno, tukakariri kwamba Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Nani alisokota, nani alishona nguo walizovaa watu wote hao? Hilo hatukuulizwa hata kwenye mtihani.

Hebu tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu akitokea Aden. Aliandika kwamba katika mji ule zilifumwa nguo zilizoitwa kwa jina la mji wenyewe, na kwamba zilipelekwa hadi Misri. Yeye mwenyewe alivishwa kabla ya kwenda kuswali Ijumaa, kwani mgeni wa heshima alipewa nguo. Kisha akateremka Mombasa na Kilwa. Huko Kilwa, na pia Shanga katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale wamevikuta vigurudumu vidogo vyenye tundu katikati. Ni vigae vya vyungu vilivyovunjika, watu wakavichonga duara wakavitumia kusokotea pamba. Chungu kikivunjika hakitupwi, kinageuzwa chombo cha uzi! Basi wale wanaosema watu wa pwani walingoja nguo kutoka ng'ambo tu, nafikiri hawajavitazama vigae vile.

Ni kweli lakini kwamba nguo za ng'ambo zilikuja, tena kwa wingi. Kutoka Bara Hindi zilikuja karne nyingi. Halafu mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani, na majora ya pamba nyeupe yakawa yanaletwa na wafanyabiashara wa Salem. Ndiyo asili ya neno letu «merikani». Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata biashara ile, wengine waliichukua nafasi, lakini jina likabaki.

Sasa tufike kwenye leso yenyewe. Neno limetokana na Kireno, kitambaa cha mkononi. Vitambaa hivyo viliuzwa vikiwa vimeungana katika jora, na mtu alikatiwa idadi aliyotaka. Masimulizi yanayojulikana pwani nzima ni kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake walianza kununua sita kwa pamoja, wakavikata vitatu vitatu, wakaviunga kwa sindano mpaka ikapatikana nguo moja pana ya kujifunga. Wengine walichanganya vitambaa vya namna mbalimbali, ili nguo isifanane na ya mtu mwingine. Baadaye ndipo wafanyabiashara walipozinduka wakaagiza nguo nzima iliyokwisha chapwa, yenye pindo na mji wake. Yaani kiwanda kilimfuata mwanamke mwenye sindano, si yeye aliyekifuata kiwanda. Maneno yaliongezwa baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazosoma leo. Mpaka sasa ukitazama leso nyingi za Mombasa utaona alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, «Mali ya Abdulla».

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Manake nguo wakati ule ilikuwa inasema wewe ni nani. Mtumwa alivaa kaniki au merikani chakavu, na kujifunika vizuri kulikuwa alama ya waungwana. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja 1897, na katika ukanda wetu wa pwani 1907. Wanawake waliotoka utumwani walizivaa leso, wakajistiri kama mwanamke mwingine yeyote. Na hawakuzivaa peke yao peke yao. Katika Mombasa ya mwanzo wa karne ya 20 vilikuwako vyama vya lelemama, ambapo shoga na shoga walivaa sare moja. Humo waliketi pamoja wazawa wa waungwana na wazawa wa watumwa. Masheikh waliwakemea kwa israfu, na wallahi mashindano yale yalikuwa na israfu, siwatetei. Lakini ule upande wa pili tusiufiche: mtu ambaye mamake aliuzwa sokoni alikuwa amekaa mkeka mmoja na mtoto wa bwana, na leso zao zilikuwa sare.

Wanaume nao wasijione wako nje ya habari hii. Ile kofia ya viua unayoitafuta kwa ajili ya swala ya Idd ni kazi ya sindano tupu. Kwanza kitambaa cheupe huchorwa. Mchoraji mara nyingi ni mmoja, mwenye kipaji hicho, na washonaji ni wengine. Halafu kila kitobo hutobolewa na kuzungushiwa uzi, kimoja kimoja, na kofia nzuri ina mamia ya vitobo. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, hata miezi. Wanawake wa Lamu na visiwa vyake, na wenzao wa Unguja na Pemba, wameifanya wakiwa majumbani mwao, baada ya kazi za jikoni, huku wakisimuliana. Kwa wengi zilikuwa pesa zao wenyewe. Oman kofia ya aina hii huitwa kumma, na ni vazi la kila siku la wanaume.

Siku hizi zimejaa za mashine, na bei yake ni rahisi, sitamlaumu mwanafunzi mwenzangu anayeinunua. Lakini mashine haimpi mama pesa wala haimpi mtu wa kukaa naye alasiri. Sisi tuliosoma madrasa tunamjua Bi Zaynab bint Jahsh (r.a.), mama wa waumini, aliyekuwa akifanya kazi ya ngozi na kushona kwa mikono yake, kisha kipato akakitoa sadaka. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi ya mikono ni ya wasiosoma. Maneno hayo nimeyasikia chuoni kwetu, na yanatoka kwa watu wanaovaa kofia ya viua!

Dada zangu, leso mpya haivaliwi vivi hivi. Inauzwa doti, vipande viwili vilivyoungana. Ukifika nyumbani unaikata katikati, halafu unazipinda ncha zake kwa uzi na sindano. Wako mashoga wanaonunua doti moja kwa kuchangiana, wakaketi uani baada ya alasiri wakaikata, kila mmoja akapinda kipande cha mwenziwe. Asubuhi ya Idd utawatambua njiani, kwa kuwa wamevaa jina moja.