Mbaraka na Gitaa la Stoo

Mwaka 1983, nikiwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huku Mang'ola, nilimnyang'anya mtoto wa darasa la sita gitaa lake. Lilikuwa gitaa la galoni ya mafuta, shingo yake mti wa mgunga, nyuzi mbili za waya wa breki ya baiskeli na mbili za mshipi, wa aina ile wanayotumia wavuvi wa kambale katika Ziwa Eyasi. Kosa lake ni kulipiga wakati wa kumwagilia shamba la shule. Wenzake walikuwa wameweka majembe chini wakimsikiliza, na maji ya mfereji yanapita bure. Wimbo wenyewe ulikuwa "Shida" wa Mbaraka Mwinshehe. Nililifungia stoo, nikamwambia atalipata siku atakayekuja na mzazi wake.

Mzazi hakuja. Baada ya wiki chache na mtoto naye hakuja tena.

Ndugu msomaji usidhani kwamba sikuupenda wimbo ule. Niliupenda mno, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Miaka kumi na tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa mwanachuo katika Chuo cha Ualimu Kigurunyembe, chini ya milima ya Uluguru, na jioni za Jumamosi tulikuwa tukishuka kwa miguu hadi mjini Morogoro kusimama nje ya ukumbi. Nasema nje kwa sababu posho ya mwanachuo haikutosha kuingia ndani. Tulisikiliza dirishani. Ukisikiliza dirishani humwoni mwimbaji, na nadhani ndiyo maana gitaa la Mbaraka nililijua vizuri kuliko sura yake.

Morogoro ya wakati ule ilikuwa mji mdogo wenye muziki mkubwa, na hilo lina sababu zake. Reli ya Kati inapita hapo. Barabara ya kutoka Dar es Salaam inagawanyika hapo, moja ikienda Dodoma na nyingine Iringa. Kuzunguka mji yalikuwapo mashamba ya mkonge, na wafanyakazi wa mkonge walipokea mishahara mwisho wa mwezi, nao walitaka mahali pa kuitumia. Basi mji ulikuwa na bendi mbili zilizogawa watu kama Yanga na Sunderland walivyogawa watu Dar es Salaam. Upande mmoja ilikuwapo Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambayo baada ya kifo chake katika ajali ya gari mwaka 1965 ilishikwa na Juma Kilaza. Upande wa pili ilikuwapo Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944. Mwaka huohuo, tarehe 27 Juni, ndipo alipozaliwa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka.

Kijana huyu aliacha shule. Nalisema waziwazi kwa sababu maisha yangu yote nimewaambia watoto kwamba anayeacha shule kwa ajili ya gitaa ataishia vijiweni. Yeye aliiacha, akaenda Dar es Salaam kutafuta muziki, akarudi Morogoro katikati ya miaka ya 1960, akaingia Morogoro Jazz. Hakuwa na miaka 25 alipokuwa tayari ndiye watu wanayemlipia kiingilio. Bendi za wakati huo ziligawa kazi: huyu mwimbaji, yule mtunzi, na mwingine mpiga solo anayesimama pembeni bila kufungua kinywa. Mbaraka alitunga, akaimba na kupiga solo mwenyewe.

Ili kueleza kilichotusimamisha pale dirishani, sina budi kwenda mbali kidogo. Watu weusi wa Marekani ya kusini wana muziki wao uitwao blues, uliotoka kwa watu waliolima mashamba ya pamba. Bingwa wake mmojawapo, B. B. King, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1925, aliwahi kuchuma pamba ujanani, na gitaa lake alilipa jina la kike, Lucille. Namna yake ilikuwa hivi: anaimba mstari mmoja wa masikitiko, ananyamaza, kisha gitaa linajibu. Hakupenda kuyachanganya mawili hayo. Mwaka 1974 alikuja Kinshasa pamoja na James Brown katika tamasha kubwa la muziki, lakini sisi huku tulikuwa tumeizoea namna hiyo kabla ya hapo. Mbaraka aliimba juu ya mapenzi yaliyovunjika, masimango ya ndugu, umaskini wa mtu aliye mbali na kwao, kisha alinyamaza na gitaa likaendelea na maneno yale bila maneno. Magitaa ya Wakongo, ya Franco na Dr Nico, yalikuwa yamefika kwetu kwa redio na santuri, na Mbaraka alijifunza kwao kama walivyojifunza wote. Lakini gitaa la Kongo kwa kawaida linakuita ucheze. La Mbaraka kwanza lilikutaka usikilize, na kucheza kulikuja baadaye, katika sehemu ile ya mwisho ambayo mafundi wa dansi huiita chemko.

Hapa kuna kisa ambacho vijana wa leo hawakijui. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana, wakisaka sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Novemba mwaka huohuo Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mzee Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul katika jiji la Dar es Salaam. Miezi michache baadaye, mwaka 1970, Morogoro Jazz ilipelekwa Japani, katika maonyesho makubwa ya dunia ya Osaka, kuiwakilisha Tanzania. Waliporudi walikuwa na wimbo uitwao "Expo 70".

Mimi wakati ule niliunga mkono marufuku ile, na nilivaa suruali pana kuthibitisha. Sijutii kutaka tuwe na muziki wetu. Ila leo naona kwamba kilichowavuta vijana kwa James Brown ndicho kilichonivuta mimi kwa Mbaraka, yaani mtu mmoja anayesimama mbele ya watu na kutoa yaliyo moyoni bila kuyapamba. Tulifukuza kitu mlangoni huku tukikipa pasipoti dirishani.

Naye hakuwa mtu wa masikitiko tu. Dr. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipopigwa risasi siku ya Krismasi ya 1971, Mbaraka alitunga wimbo wa kumwombolezea, na vijijini ambako gazeti halikufika wapo walioijua habari ile kwa njia ya wimbo.

Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz na kuanzisha bendi yake, Super Volcano. Watu wengi walimlaumu. Walisema ameota pembe. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini tazama hali ya mpiga gitaa wa siku zile. Aghalabu vyombo vilikuwa mali ya klabu au ya shirika, na mwanamuziki aliyegombana na viongozi aliondoka mikono mitupu, hata gitaa alilolizoea kama mkono wake akaliacha. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutoa santuri. Ungeweza kurekodi Radio Tanzania, wimbo ukasikika nchi nzima, lakini santuri ya kuuza ilitengenezwa Nairobi. Na wengi waliofika Nairobi walilipwa mkupuo mmoja na kurudi nyumbani, wimbo ukaendelea kuuzwa bila wao.

Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Anaijua lumbesa. Anajaza gunia mpaka mdomoni, kisha mnunuzi anashonea nyavu juu na kuongeza kilima kingine, na bei inabaki ya gunia moja. Kile kilima cha juu ndicho faida yote, nacho si chake. Mbaraka alipoanzisha Volcano alitaka, kwa maoni yangu, kumiliki na kilima. Aliupata mtindo wake, Masika, akalipata soko la Kenya, na "Shida" ikauzwa huko kwa wingi sana.

Soko hilo lilikuwa ng'ambo ya mpaka, na mpaka ulifungwa Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Muziki ulipita hata hivyo, na wanamuziki nao walipita. Tarehe 12 Januari 1979 Mbaraka alikuwa Mombasa. Ajali ya gari ikamuua akiwa na umri wa miaka 34.

Nilizipata habari hizo nikiwa hukuhuku, wakati Mang'ola bado iko Wilaya ya Mbulu. Nchi ilikuwa vitani na Idi Amin, nasi tulizianika betri za redio juani ili zipate nguvu ya taarifa ya habari ya jioni. Tulikuwa tunangoja habari za Kagera. Mzee mmoja Mdatoga, aliyekuja kuuza ng'ombe na asiyejua Kiswahili kingi, aliniuliza kwa nini walimu wanalia. Nilimwambia amekufa mpiga gitaa. Aliniangalia, nadhani alifikiri nimekosea neno.

Baada ya hapo kampuni ya Nairobi ilitoa nyimbo zake kwa mfululizo ulioitwa "Ukumbusho", nami nilinunua kanda zake kadhaa. Kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, miaka ishirini baada ya kifo chake. Inalinda kazi ya mtunzi kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa, maana yake hadi 2029 kwa Mbaraka. Siku hizi namsikia kwenye spika za bodaboda pale Barazani, na vijana wanaompiga hawajui kwamba alikufa kabla wazazi wao hawajaoana.

Nirudi kwa yule mtoto. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha kustaafu na kulima vitunguu kama kila mtu, lori lilisimama shambani kwangu na mnunuzi akashuka. Alinijua kabla sijamjua. Aliniamkia shikamoo kwa heshima, tukaongea bei, hatukukubaliana, tukaongea tena. Mwisho alisema, "Mwalimu, lile gitaa langu bado lipo stoo?"

Nilimwambia kwamba mchwa walikula shingo, na galoni mpishi wa shule aliomba achotee maji. Alicheka. Nikamwuliza kama siku hizi anapiga. Akajibu kwamba hana muda, barabara haimwachi. Kisha aliwageukia vijana wake, akawaambia magunia ya mwalimu wasiyashonee nyavu juu, yapakiwe hivyohivyo yalivyo.