La Jamais Contente: kuunda upya gari ya 1899 bila kuirekebisha

Tarehe 29 mwezi wa nne 1899, fasi inayoitwa Achères, karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy alipita kilomita moja kwa sekunde 34. Hiyo ni kilomita 105,88 kwa saa. Mbele yake, hakuna mtu aliyekuwa amevuka kilomita 100 kwa saa ndani ya gari. Na ile gari haikutumia esanse wala mazutu: ilikuwa ya umeme. Jina lake ni La Jamais Contente, ni kusema Isiyoridhika Kamwe.

Gari yenyewe ingali iko. Inahifadhiwa katika jumba la makumbusho ya magari huko Compiègne, Ufaransa. Lakini kitu cha umri huo hakirudishwi barabarani kukimbizwa. Mtu akitaka kuiona ikitembea, njia ni moja: kuunda nakala. Kazi hiyo imefanyika zaidi ya mara moja, na kila fundi anayeishika anakutana na swali lile lile: makosa ya gari ya zamani, ayaache au ayatengeneze?

Ilizaliwa na mashindano

Jenatzy alikuwa anatengeneza magari ya umeme na kutafuta soko mjini Paris. Mpinzani wake alikuwa Mfaransa Gaston de Chasseloup-Laubat, aliyeendesha gari ya umeme ya Jeantaud. Tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili 1898, huyu alifikia kilomita 63,15 kwa saa. Kisha wakanyang'anyana rekodi. Mwezi wa tatu 1899 Chasseloup-Laubat akafika kilomita 92,78. Jenatzy akajibu kwa gari iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio tu.

Bodi: umbo zuri, dereva nje

Bodi ilichongoka mbele na nyuma, kama risasi kubwa iliyolazwa. Ilitengenezwa kwa partinium, mchanganyiko wa aluminiamu na madini mengine, ili iwe nyepesi. Leo partinium haiuzwi tena. Fundi anachukua bati la aluminiamu na kulikunja kwa nyundo na roda.

Shida ni kwamba umbo lile linakata upepo nusu tu. Dereva anakaa juu, kifua na kichwa viko nje. Chini, shasi na magurudumu vimebaki wazi. Fundi wa leo anaona kosa hilo mara moja, na mkono unamwasha kushusha kiti au kufunika sehemu ya chini. Akifanya hivyo, ameunda gari nyingine. Nakala inapaswa kuonyesha kwamba mwaka 1899 watu walikuwa wameanza kuelewa upepo, lakini hawajamaliza.

Moteri na pine: hesabu haikubali mchezo

Nyuma kuna moteri mbili, kila moja karibu kilowati 25: volti 200 mara ampea 124. Zote pamoja zinatoa nguvu ya farasi karibu 68. Hakuna gia. Moteri inazungusha magurudumu ya nyuma moja kwa moja.

Hapo ndipo ukubwa wa pine unakuwa sheria. Pine za Michelin za gari hii zilikuwa na kipenyo cha sentimita 65, kwa hiyo mzunguko mmoja ni mita 2 na kidogo. Kwa kilomita 105 kwa saa, gari inapita mita 29 kwa sekunde moja. Gurudumu linazunguka zaidi ya mara 14 kwa sekunde, ni kusema karibu mara 860 kwa dakika. Moteri nayo inazunguka vile vile. Fundi akiweka pine kubwa kwa sababu ndizo zinapatikana sokoni, amebadilisha mwendo wote wa gari.

Mpira ulitoka msituni

Pine zenye hewa zilikuwa kitu kipya. Dunlop alianza nazo kwenye baiskeli mwaka 1888, na ndugu Michelin wakazipeleka kwenye mbio za magari mwaka 1895. Baba yake Jenatzy, Constant, yeye mwenyewe alitengeneza vitu vya mpira huko Ubelgiji.

Mpira wa miaka ile ulitoka misituni, nchini Brazil na pia katika Congo ya mfalme Léopold II. Huku kwetu vijiji vililazimishwa kuleta kilo zilizopangwa. Waliokosa walichapwa, wanawake walishikwa mateka, watu walikatwa mikono. Kadiri Ulaya ilivyotaka pine, ndivyo mzigo ulivyozidi. Nakala ya gari inaweza kuiga pine kwa sentimita; jambo hili haliigwi. Linaandikwa kwenye kibao kando ya gari, ama linapotea.

Batri: jaribu kubwa kuliko yote

Gari ya Jenatzy ilikuwa na uzito wa karibu tani moja na nusu, na sehemu kubwa ya uzito huo ilikuwa batri za madini ya risasi na asidi. Leo fundi anaweza kuweka batri za litiamu, nyepesi mara nyingi. Nyingi kati yake zina kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inachimbwa Lualaba na Haut-Katanga. Kwa batri hizo nakala ingekimbia kuliko gari ya kwanza na kwenda mbali zaidi. Lakini isingeonyesha tena kile Jenatzy alichofanya.

Je, ni kipi kinachoruhusiwa kubadilishwa? Kile kinacholinda maisha: waya zenye kifuniko kizuri, swichi ya kukata umeme haraka, breki za kuaminika. Volti 200 zinaua. Tena, kila badiliko liandikwe, ili atakayekuja kesho ajue kipi ni cha 1899 na kipi ni cha leo.

Rekodi ya Jenatzy ilidumu mpaka 1902, wakati Léon Serpollet alipofikia kilomita 120,80 kwa saa huko Nice kwa gari ya mvuke. Baadaye moteri za esanse zikashika barabara, na magari ya umeme yakasahaulika kwa miaka mingi. Sababu moja kubwa inaonekana kwenye nakala iliyoundwa kwa uaminifu: ukijaribu kuisukuma kwa mkono, zile batri za risasi ndizo zinakukatalia.