Taa za Admirali Mitscher

Marc Mitscher alizaliwa Wisconsin, Marekani, mwaka wa 1887, akahitimu urubani wa jeshi la majini mwaka wa 1916. Nishani ya Msalaba wa Jeshi la Majini alitunukiwa mara 3. Ya kwanza ilitokana na safari ya kuvuka Atlantiki mwaka wa 1919, ijapokuwa ndege yake ilitua baharini karibu na visiwa vya Azores.

Jaribio lake kubwa lilikuja tarehe 20 Juni 1944, katika Bahari ya Ufilipino. Jua likielekea kuchwa, alizipeleka ndege zaidi ya 200 kuzishambulia manowari za Kijapani, hali akijua kwamba zitarejea gizani, mafuta yakikaribia kwisha. Desturi ya vita yataka manowari zizime taa usiku, nyambizi za adui zisizione. Mitscher aliamuru taa ziwashwe. Ndege zipatazo 80 zilipotea wakati wa kurejea, lakini wengi wa waliokuwamo waliokolewa. Hivyo mkubwa aliyewatia watu hatarini aliingia naye katika hatari ili kuwarudisha. Alifariki mwaka wa 1947, akiliongoza jeshi la majini la Atlantiki.