Nabongo wa Elureko na wazee wa Lugulu

Katika miaka niliyofundisha historia hapa Lugulu, wanafunzi waliniuliza tena na tena kwa nini sisi Wabukusu hatuna orodha ya wafalme kama jirani zetu Wawanga. Swali hilo liliniuma, kwani nyuma yake kulikuwa na dhana kwamba watu wasio na kiti cha enzi hawakuwa na utawala.

Wawanga wanayo orodha, tena ya kujivunia. Husimuliwa kwamba mwanzilishi wake alifika ugenini akawafanyia wenyeji kazi, hadi walipoiona bangili ya shaba mkononi mwake wakajua ni mwana wa mfalme. Uzao wake ulifika kwa Shiundu, Nabongo (yaani mfalme) aliyefariki 1882 na kurithiwa na mwanawe Mumia. Ukoo ulikuwa na nyufa pia: Wanga Mukulu, chini ya Sakwa, ilijitenga na Elureko, makao ya Nabongo, na ndugu wakapigana.

Wajerumani wa zama za kati wangeyaelewa haya. Ukoo wa Wittelsbach ulishika Bavaria kuanzia 1180 hadi 1918, na mara kwa mara ndugu waligawana nchi kama shamba la urithi. Hata hivyo, mfalme mkuu wa Wajerumani alichaguliwa. Amri ya Kaisari Karl wa Nne ya 1356 iliwapa haki hiyo wateule saba, watatu wao maaskofu wakuu. Sijasikia mtu akidai kwamba Wajerumani hawakuwa na serikali kwa sababu walichagua. Nasi tulichagua. Omukasa, yaani mzee kiongozi, alipatikana kwa busara, ukarimu na ushujaa wake, na mzee mjinga hakusikilizwa kwa vile tu babake alisikilizwa.

Waingereza walitaka mtu mmoja wa kumpa amri, wakampata Mumia. Mwaka 1895 afisa wao C. W. Hobley aliongoza kikosi dhidi ya Wabukusu, akisaidiwa na wapiganaji wa Wawanga, Waganda na Wamaasai. Ngome yetu ya Lumboka ikaanguka. Ikafuata Chetambe, ngome iliyo kwenye kilima juu ya Webuye, yenye jina la mzee wa Watachoni. Ilikuwa na handaki refu kuizunguka, na udongo uliochimbwa ukarundikwa kuwa ukuta. Ukuta huo ungemzuia mtu wa mkuki. Lakini risasi za bunduki ya Maxim ziliwaua watu wengi, na mifugo ikatekwa.

Mwaka 1909 Mumia akafanywa chifu mkuu. Nduguye Mulama akawekwa Marama, na nduguye mwingine, Murunga, akawekwa Kimilili, kwa Wabukusu. Simchukii Mumia, aliwalinda watu wake kwa njia aliyoiona. Ninachokipinga ni kufanya damu ya Elureko kuwa sheria Kimilili, mahali ambapo hakuna Nabongo aliyewahi kutawala. Wazee wetu walilipa kodi ya nyumba kwa mtu wasiyemchagua, na malalamiko yao yaliendelea kwa miongo.

Mumia alifariki 1949. Kwa upande wetu, kumbukumbu imehifadhiwa na marika manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, yanayozunguka na kurudi baada ya karibu miaka 100. Wavulana wa Lugulu wanaotahiriwa Agosti moja huingia rika moja, mwana wa chifu pamoja na mwana wa mchungaji.