Bodaboda Ilianza na Pedali

Neno bodaboda lilizaliwa na baiskeli, si pikipiki. Nalisema mapema kwa sababu vijana wengi ninaopiga gumzo nao wanadhani biashara hii ilikuja na injini. Miaka ya 1960, pale Busia, kulikuwa na watu wenye baiskeli waliowavusha wasafiri na mizigo yao kutoka kizuizi cha Kenya hadi cha Uganda. Gari lilidaiwa makaratasi chungu nzima kabla ya kuvuka. Baiskeli haikuulizwa mengi. Waendeshaji waliita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilirudia mara mbili, na ndimi zetu zikalilainisha: boda-boda. Kutoka hapo jina likasambaa nchi zote mbili.

Baiskeli zenyewe zilikuwa zile nyeusi, nzito, tulizoziita Black Mamba. Fremu ya chuma, keria pana nyuma, breki za vyuma badala ya waya. Ungeweza kufunga gunia la mahindi juu yake, kreti za soda, jeneza hata. Ikiharibika, fundi alikuwa chini ya mti na spana mbili na kipande cha tyubu kuukuu.

Historia ya uchumi wa magharibi mwa Kenya haiwezi kuandikwa bila chombo hiki. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa. Uganda wakati huo ilikuwa chini ya Idi Amin, na mkulima wa kule alilipwa pesa kidogo sana kwa kahawa yake. Basi kahawa ikaanza kutembea usiku. Ilivuka mpaka hadi soko la Chepkube, ambalo leo liko kaunti ya Bungoma, kwa vichwa vya watu, kwa punda na kwa baiskeli. Hiyo ndiyo magendo ambayo wazee wanaisimulia mpaka leo huku wakicheka. Nyumba za mabati zilichipuka vijijini. Wengine walitajirika kisha wakafilisika kabla bei haijatulia. Lakini tazama kilichobeba utajiri ule kwenye vijia vya usiku: miguu ya binadamu, kwato, na pedali.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipunguza ushuru wa baiskeli, na watu wakazinunua kwa wingi. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mmoja wao. Alishonea keria yake mto wa sponji wenye kitambaa cha maua, akaanza kubeba abiria mjini Busia. Pesa hizo zilinilipia karo hadi nikamaliza darasa la nane. Akina mama walikaa upande, mkoba mapajani, mtoto kifuani, na mjomba alipanda mlima huku shati limeganda mgongoni. Sisemi kazi ile ilikuwa tamu. Alikohoa vumbi kila jioni, na magoti yalimuuma kabla hajafika miaka arobaini.

Kisha kodi ikageuka tena. Kufikia 2008 serikali ilikuwa imeziondolea VAT pikipiki za chini ya 250cc. Pikipiki kutoka India na China zikashuka bei, mikopo ikaja, na kwa muda usiozidi miaka kumi bodaboda ikabadilika mwili na kubaki na jina lake. Mjomba naye alichukua mkopo. Nilipomuuliza kama alifurahi, alinijibu, "Mwanangu, baiskeli ilikuwa inakula ugali wangu. Hii inakula mfuko wangu." Kila asubuhi, kabla hajapata mteja wa kwanza, tayari ana deni la petroli.

Tusimdharau lakini mwenye pikipiki. Pikipiki imefikisha hospitalini akina mama wengi wenye uchungu, saa ambazo hakuna matatu. Imewapa kazi vijana waliokuwa hawana kitu. Ninachopinga ni ile hadithi kwamba baiskeli ilijifia yenyewe, eti kwa sababu dunia imeendelea. Baiskeli ilisukumwa pembeni. Ilisukumwa na kodi, na ilisukumwa na barabara.

Barabara za kwetu zinaenda Uganda, na magari makubwa yanayozitumia ni matrela na malori ya mafuta. Mwaka 1994 bomba la mafuta kutoka Mombasa na Nairobi lilifika Eldoret na Kisumu, na kutoka huko malori hupakia na kuelekea Busia na Malaba. Lami iliishia pale tairi la lori linapoishia. Baada ya hapo ni mtaro. Binamu yangu aligongwa na trela mwaka 2011 akienda kazini kwa baiskeli. Hakuwa katikati ya barabara. Alikuwa ukingoni kabisa, mahali ambapo kila mtu alimwambia ndipo pake. Tulimzika Jumamosi. Mzee mmoja matangani akasema barabara ile haina ubaya, ila tu haikujengewa watu. Sijapata mwanahistoria aliyeieleza vizuri zaidi.

Kwa nini haikujengewa watu? Jibu moja liko kwenye pesa. Tangu 1993, ukarabati wa barabara zetu unagharamiwa na tozo inayokatwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Julai 2024 tozo hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Ukifikiri haraka utasema: anayechoma mafuta ndiye analipa, kwa hivyo barabara ni yake. Anayetembea au kuendesha baiskeli ni kama mgeni ambaye hakualikwa. Lakini angalia sukuma wiki sokoni. Angalia unga, sabuni, nauli. Vyote vimebebwa na dizeli, na bei ya dizeli imo ndani yake. Mama anayetembea kwenda soko la Gikomba ameshalipa tozo kabla hajafika nyumbani. Yeye pia ana hisa katika ile lami.

Nairobi ililikubali jambo hili, walau kwenye karatasi. Mwaka 2015 kaunti ilizindua sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara iende kwa watembeao na waendesha baiskeli. Miaka saba baadaye tukafunguliwa Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Baiskeli haziruhusiwi juu yake, wala pikipiki. Chini yake miti mingi ya kivuli ilikuwa imeshakatwa, na mwendesha baiskeli akabaki kati ya nguzo za zege na matatu zinazotanua.

Hata hivyo barabara hiyohiyo ina somo lingine. Novemba 2020, mugumo mmoja mkubwa kule Waiyaki Way ulipangiwa kung'olewa ili kupisha ujenzi. Watu wakapaza sauti, amri ikatoka, mti ukabaki. Ramani ya mradi wa mabilioni ikasogea kwa ajili ya mti mmoja. Kwa hivyo wakituambia kwamba mchoro umeshapitishwa na nafasi ya njia ya baiskeli haipo, tuwakumbushe mugumo.

Nafasi ya kugeuka tunayo. Mafuta yote tunayochoma tunayanunua nje kwa dola. Stima yetu nyingi tunaizalisha wenyewe kutokana na mvuke, maji na upepo. Olkaria imekuwa ikitoa umeme wa jotoardhi tangu 1981. Sheria ya fedha ya 2023 iliziondolea VAT baiskeli na pikipiki za umeme. Mjomba, mwenye magoti yake mabovu, ameanza kuulizia bei. Kodi ilituhamisha kutoka pedali hadi petroli, na inaweza kutuhamisha tena.

Ila kodi haijengi njia. Mzazi anayefikiria kumnunulia mtoto wake baiskeli, ya stima au ya kawaida, huuliza bei kwanza. Akishaambiwa, huuliza swali la pili, na hilo ndilo humrudisha nyumbani mikono mitupu: atapita wapi?